Hukumu ya Mchezo wa Chai

Bismillahir Rahmanir Rahim. Twamshukuru Mwenyezi Mungu, na twamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Bibi mmoja wa Tanga ametuletea waraka, na suala lake si la nyumba yake peke yake. Asema kwamba mjukuu wake aliyekuja likizo kutoka Kanada aliwaletea wadogo zake zawadi ya mchezo wa mezani uitwao Chai, ambao huchezwa kwa kadi, vibao na sarafu za bandia. Mzee wa nyumba alipoziona zile kadi na sarafu alisema kuwa hiyo ni kamari, akalitia sanduku kabatini na kulifunga kwa ufunguo. Tangu siku hiyo vijana wamejitenga na babu yao. Kila mmoja huketi pembeni na simu yake. Bibi auliza: Je, hukumu ya mzee ni sawa, au amezidisha? Na amemaliza waraka wake kwa neno lililotugusa sana, kwamba hajui lililo baya zaidi, lile lililofungiwa kabatini au lile lililo mikononi mwa wajukuu wake.

Twajibu, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.

Wanavyuoni wetu wana kanuni isemayo kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Asiyekijua kitu hana haki ya kukihalalisha, wala hana haki ya kukiharimisha. Kwa ajili hiyo hatukupenda kujibu kwa khabari za kusikia tu. Tuliazima sanduku kama hilo kwa jamaa yetu, tukaketi nalo jioni mbili baada ya sala ya alasiri pamoja na vijana watatu wa chuoni, na mmoja wao akitusomea kanuni zake, kwa kuwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Jioni ya kwanza ilikwisha kwa kusoma na kupanga. Ya pili tulicheza mpaka mwisho. Basi tunayoyaandika hapa ni ya kushuhudia.

Mchezo huu ulitungwa na Dan na Connie Kazmer wa Kanada, nao ulitolewa mwaka 2019. Huchezwa na mtu mmoja hata watu watano. Kila mchezaji ni mfanyabiashara wa chai, naye ana aina yake: nyeusi, ya kijani, nyeupe, ile iitwayo oolong, au rooibos ya Afrika ya Kusini. Hapa vijana wetu walipata faida ndogo ya ilmu, maana tuliwaeleza kuwa zile aina nne za kwanza ni majani ya mti mmoja, na zatofautiana kwa jinsi yanavyotayarishwa baada ya kuchumwa tu. Ama rooibos si mti wa chai kabisa, ni kichaka kingine.

Wateja ni kadi, na kila kadi yaonyesha chai anayoitaka mteja na vya kutiwa ndani yake. Zamu ya mtu ikifika ana khiari ya mambo matatu. Aweza kwenda sokoni kununua vibao vya vinukizo: nanaa, asumini, limau, tangawizi, lavenda na beri. Aweza kwenda stoo kuchukua maziwa, sukari, asali, vanila au viungo vya chai. Au aweza kumwekea mteja nafasi, yaani kuichukua kadi yake ili mwingine asimhudumie. Akitimiza vyote anavyotaka mteja, humpa chai yake na kupata hisabu. Zikisha duru tano hujumlishwa, na mwenye hisabu kubwa ndiye mshindi.

Ugumu wake umo sokoni. Vibao vya aina moja vikiwa vimegusana, mtu huweza kuvinunua pamoja kwa zamu moja. Basi mchezaji hujiuliza: ninunue sasa kidogo nilicho nacho mbele yangu, au ningoje vikusanyike? Akingoja, huenda mwenzake akamtangulia. Akiharakisha, huenda akabakiwa na asumini ambayo hakuna mteja aitakaye. Hii ni fikira ya mwenye duka.

Sasa tuje katika sharia. Tumeupima mchezo huu kwa mambo matatu, na kila nyumba yaweza kuvipima vivyo hivyo vingine visivyotajwa hapa.

Kipimo cha kwanza ni mali. Kamari iliyoharimishwa katika Surat al-Maida, aya ya 90, ni ile ambayo kila mmoja hutoa mali yake, kisha mmoja huondoka na mali ya mwenzake pasipo biashara wala zawadi. Katika mchezo wa Chai sarafu ni za bandia, na zote hurudi sandukuni. Hakuna aliyetoa wala aliyepokea. Kuziita kamari kwa sababu ya sura zake ni kama kuyaita maji ya zabibu pombe kwa sababu ya rangi yake. Lakini tahadharini, enyi wazazi! Vijana wakisema, "Atakayeshindwa atatununulia mandazi," mchezo umekwisha geuka. Yale mandazi ni mali, na sharti hilo ndilo kamari yenyewe, hata ikiwa ni kwa shilingi chache. Uharamu hauingii kwa kadi. Huingia kwa neno hilo moja.

Kipimo cha pili ni dadu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) amemfananisha mchezaji wa nardi na mtu aliyeutia mkono wake katika nyama ya nguruwe na damu yake. Ama satranji, Imamu Shafi ameiona kuwa ni makuruhu, maadam hapana mali inayowekwa wala sala inayopotezwa. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wakaeleza tofauti: mchezo uliojengwa juu ya hisabu na fikira hukaribiana na satranji, na uliojengwa juu ya kubahatisha hukaribiana na nardi. Kwa kipimo hiki bao letu, lenye mashimo 32 na kete 64, ni la hisabu tupu. Ludo, ambayo haisogei ila kwa dadu, iko upande wa nardi. Na Monopoly, unaojulikana na wengi, una dadu mbili, na zaidi ya hayo humfundisha mtoto kuikomboa rehani kwa riba ya 10 katika 100. Wazazi wangapi wauruhusu huo kwa kuwa wameuzoea, nao hukikataa kigeni pasipo kukitazama?

Mchezo wa Chai hauna dadu. Hata hivyo mwenye insafu hatafumba macho. Kadi huchanganywa, na vibao hutolewa mfukoni pasipo kuonekana, kwa hiyo imo sehemu ya jambo lisilojulikana. Sisi twaona kwamba sehemu hiyo ni kama ya mvuvi na wavu wake. Hajui atapata samaki gani, lakini akisha kuvipata, akili yake ndiyo itakayofanya kazi. Katika mchezo huu kila mtu huviona vilivyo mezani kabla ya kuchagua, na mwenye kufikiri zaidi ndiye ashindaye mara nyingi. Kwa hiyo tumeuweka upande wa hisabu. Na mwenye shaka akajizuia nao, huyo ameichunga dini yake, wala hatumlaumu. Ila asimwite mwenzake mcheza kamari.

Kipimo cha tatu ni wakati na ulimi. Aya ya 91 ya sura hiyo hiyo yatutajia sababu: kamari hutia uadui na chuki kati ya watu, na huwazuia kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kusali. Basi hata mchezo ulio safi katika asili yake huharibika ukizaa matusi, au ukiwafanya watu wausikie mwadhini wakasema, "Ngoja tumalize duru hii." Mchezo wa Chai hauzidi saa moja. Uanzwe baada ya alasiri, na adhana ya magharibi ikilia mikono iondoke mezani, hata ikiwa mshindi hajajulikana.

Zaidi ya hayo, tumeona kuwa mwalimu mwerevu aweza kuupatia mchezo huu somo la muamala. Sharia yakataza Mwislamu kuuza juu ya biashara ya nduguye iliyokwisha thibiti. Vijana hukariri maneno haya lakini hawana mfano. Hapa mfano upo: mteja aliye mbele ya wote ni wa kila mmoja kumgombea, lakini aliyekwisha wekwa haguswi. Ndivyo ilivyo katika mnada, ambao wanavyuoni wengi wameuhalalisha. Mnada wa chai wa Mombasa, ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, ni mfano ulio karibu nasi: wanunuzi hupandiana bei mpaka mauzo yathibiti, na yakisha thibiti, mali ina mwenyewe. Mtoto akiufahamu mpaka huo mezani, ataukumbuka dukani.

Baada ya hayo twamgeukia mzee wetu kwa adabu na heshima. Wivu wako kwa dini ni wa kusifiwa, na nyumba isiyo na mwenye wivu huo huingiwa na kila kitu. Lakini tazama kilichofungwa na kilichoachwa wazi. Sarafu za bandia zimo kabatini chini ya ufunguo. Ama simu, ambamo kijana aweza kuweka shilingi za kweli juu ya timu za mpira asizozijua, usiku, peke yake, chini ya shuka, hiyo iko mkononi mwake. Hatusemi kuwa wajukuu wako wafanya hivyo. Mwenyezi Mungu atuepushe na kuwadhania watu vibaya. Twasema kuwa hiyo ndiyo kamari yenye sifa zake zote, nayo imewateketeza vijana wengi wa miji yetu, ada za shule na mitaji ya biashara. Kijana aliyeambiwa kwamba mchezo wa tangawizi na maziwa ni kamari, huiona kamari kuwa jambo jepesi. Ukimkataza halali kwa jina la haramu, siku utakapoitaja haramu yenyewe hatakusikia.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba sanduku lifunguliwe, nawe uwe wa kwanza kuketi. Waambie wajukuu wakufundishe. Mzee akifundishwa na mjukuu wake hapungukiwi na heshima. Hupata saa moja ya mazungumzo, na ndani ya saa hiyo huweza kuyasema yale ambayo waadhi wa mwezi mzima haukuyafikisha. Kabla ya kuanza weka masharti matatu kwa kinywa chako mwenyewe: hapana kuweka kitu, hapana kutukanana, na adhana ni mwisho wa mchezo. Kisha waeleze sababu za kila sharti kwa aya tulizozitaja, ili wazijue hata watakapokuwa mbali nawe.

Na neno letu kwa wasomaji wote ni hili: kataeni kwa ilmu, na ruhusuni kwa ilmu. Ufunguo hulinda kabati. Moyo wa kijana hulindwa kwa kufahamishwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.