Dakika 20 za Maji

Ndugu zetu wasomaji, mwezi huu tulikuwa tumeazimia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya matumizi ya nyumba. Tumeyaweka kando kwa sababu ya barua moja iliyotufikia kutoka kwa dada yetu mmoja, ambaye ameomba asitajwe jina wala mji wake. Barua yenyewe ni ndefu, nasi twaifupiza.

Dada huyu ana mtoto wa kiume wa miaka 14 na binti wa miaka 3. Siku moja baada ya Alasiri alikuwa uani akianua nguo, na kijana yuko ukumbini akicheza mchezo wa video. Birika la chai lilikuwa mezani, juu ya kitambaa kilichoning'inia pembeni. Binti akakivuta kitambaa, chai ikammwagikia mkono na kifua. Kijana aliuacha mchezo papo hapo (jambo hili mama mwenyewe amelishuhudia, nasi twaomba lisisahauliwe), akamnyanyua nduguye, akakimbilia dawa ya meno na kumpaka kila mahali palipoungua. Hospitalini mwuguzi alilazimika kuiosha dawa ile yote kwanza, na kilio cha wakati huo, asema mama, kilizidi kilio cha chai yenyewe. Tangu siku hiyo kijana haugusi mchezo wake, wala hali akashiba. Alimwambia mama yake neno moja tu: kwamba katika mchezo angalirudi nyuma akachagua tena.

Mama atuuliza mambo mawili. Je, michezo hii ndiyo iliyomharibu mwanawe, aikataze nyumbani? Na siku ile ilipasa kufanywa nini?

Kwa swali la kwanza, sisi ni watu wa makamo, na ilitubidi tuwaombe vijana wa nyumbani kwetu watufundishe. Tulidhani michezo yote ni ya kukimbizana na kupigana. Kumbe iko aina nyingine, ambayo mchezaji huelezwa hadithi, kisha husimamishwa njia panda na kuambiwa achague. Na alichagualo ndilo liigeuzalo hadithi iliyobaki. Katika mchezo uitwao The Walking Dead, uliotolewa mwaka 2012, mara nyingi mchezaji hupewa muda mfupi mno wa kujibu, na asipojibu, kunyamaza kwake nako huhesabiwa kuwa jibu. (Mchezo huo una damu nyingi, na huko Ulaya umewekewa umri wa miaka 18, wazazi na wautazame umri ulioandikwa juu ya kasha kabla ya kununua.) Katika Life is Strange, wa mwaka 2015, uliotengenezwa Ufaransa, yupo msichana mwenye uwezo wa kuurudisha wakati nyuma kidogo, akalitengua alilolifanya na kulifanya vingine.

Lakini uliotushangaza zaidi ni Undertale, wa mwaka huo huo wa 2015, kazi ya Mmarekani Toby Fox. Mchezaji akimwua kiumbe mmoja aliyemtendea wema, kisha akajuta, akarudi nyuma na kumwacha hai, hutokea kiumbe mwingine akamwambia kwamba anakijua alichokifanya. Yaani mwenye kuutunga mchezo ameona kwamba kurudi nyuma pasipo alama yoyote ni jambo jepesi mno, akakifundisha chombo kukumbuka. Twakiri kwamba hatukutazamia kupata fikira kama hiyo katika kitu cha kuchezea.

Kwa hiyo, dada yetu, sisi hatuoni kwamba mchezo ndio uliomharibu mwanao. Kama unamtoa katika Sala, au unamkesha usiku wa kwenda shule, hilo ni shauri jingine na una haki ya kuukataza. Ama katika mambo ya siku ile, twauliza swali lako kwa namna nyingine: ni nani aliyemfundisha kijana huyu kwamba aliyeungua hupakwa dawa ya meno? Hakulitoa katika mchezo. Alilitoa kwetu. Katika nyumba zetu mtu akiungua kila mmoja huja na lake: huyu dawa ya meno, huyu samli, huyu ute wa yai, huyu unga, na wengine hata mafuta ya taa. Kijana alisimama njia panda, akachagua upesi lile ambalo wakubwa wake wote wangalichagua. Tafadhali mwambie hivyo kwa ulimi wako mwenyewe, tena mbele ya baba yake.

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo ndilo kubwa.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba moto haushii pale unapoondolewa. Joto lililokwisha kuingia hubaki ndani ya nyama, likaendelea kuunguza polepole kuelekea chini, hata kama juu birika limekwisha kuokotwa na sakafu kupanguswa. Maji yenye joto la digrii 60 za Selsiasi huweza kuiunguza sana ngozi ya mtu mzima kwa muda wa sekunde 5 hivi. Yakifika 70, sekunde 1 yatosha. Na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Basi kazi ya kwanza ni kulitoa joto hilo. Dawa ya meno na samli haziwezi kulitoa, hulifunika. Tena humzuia daktari kuona jeraha lilivyo, na zaweza kuingiza uchafu utakaogeuka usaha.

Kinachotoa joto ni maji. Mpeleke aliyeungua kwenye mfereji, ama bomba kama wengine wasemavyo, umwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Tunairudia hesabu hii kwa sababu watu wengi humwagia dakika mbili tatu, mtoto akinyamaza wakaacha. Dakika 20 ni ndefu sana kwa mwenye kumshika mtoto anayelia. Tazama saa, usikisie. Pasipo mfereji, chota kwa kata na kumimina taratibu bila ya kukatiza. Na ikiwa umechelewa, usikate tamaa: maji yangali na faida mpaka saa tatu baada ya kuungua. Barafu isitumiwe, maana nayo huidhuru ngozi iliyokwisha kudhurika. Wakati maji yanapita, mvue nguo zilizolowa chai, na bangili, pete au uzi alofungwa mkononi, kabla ya kuvimba. Lakini nguo iliyogandamana na ngozi iache palepale. Sehemu nyingine za mwili mfunike kwa shuka kavu, kwani mtoto mdogo hupatwa na baridi upesi.

Habari hii ya maji si ngeni. Tabibu ar-Razi, aliyeishi katika karne ya 9 na ya 10, alikwisha kuyataja maji baridi kwa kutuliza maumivu ya walioungua. Sijui ilikuwaje sisi tukayaacha maji tukashika mayai!

Hapa tutaulizwa juu ya asali, kwani ponyo yake imetajwa katika Sura ya An-Nahl. Sisi hatuikani, na matabibu wa zama zetu wameichunguza katika vidonda vya moto wakaona faida. Lakini hiyo ni dawa ya kidonda kilichokwisha kupozwa na kusafishwa, kwa shauri la daktari. Kuipaka juu ya ngozi ambayo ingali na joto ni kulifungia joto ndani.

Maji yakiisha kufanya kazi yake, lifunike jeraha kwa nailoni nyembamba safi ya kufunikia chakula, uiweke juu tu bila ya kuizungusha na kubana. Au kwa kitambaa safi kisicho na manyoya. Malengelenge usiyatoboe. Kisha mpeleke hospitali ikiwa aliyeungua ni mtoto mdogo au mzee, au jeraha limepita ukubwa wa kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole, kiasi ambacho ni kama sehemu 1 katika 100 za mwili wote. Vilevile ikiwa ni usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo. Au ikiwa ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haina maumivu. Kutokuuma huko wengi hukuchukulia kuwa ni nafuu, kumbe ni dalili ya kuungua mpaka ndani. Aliyepigwa na umeme asiguswe mpaka umeme uzimwe, na hata alama yake ikiwa ndogo na aende. Mtu nguo zake zikishika moto asikimbie. Alale chini abiringike, au afunikwe blanketi zito.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kuungua huua watu wapatao 180,000 kila mwaka, na wengi wao ni katika nchi zisizo na utajiri. Kwa hiyo birika na liwekwe katikati ya meza, na meza yenye watoto isitandikwe kitambaa kinachoning'inia.

Limebaki jambo ambalo dada yetu hakutuuliza, bali limo ndani ya barua yake. Kijana atataka kujua kama nduguye asingalibakiwa na kovu lau angalimwagiwa maji. Usimdanganye. Mwambie kwamba huenda jeraha lingalikuwa dogo zaidi, na kwamba hakuna awezaye kupima ni kwa kiasi gani. Kisha mpe saa, mpeleke mferejini pamoja na mwanasesere wa nduguye, naye amshike chini ya maji dakika 20 kamili. Na wewe na baba yake mfanye hivyo baada yake, kila mtu kwa zamu yake.

Mwisho wa barua ametuandikia kwamba binti hurudishwa hospitali kila siku ya tatu kufungwa bendeji mpya, na kwamba hakubali kubebwa na mtu mwingine ila kaka yake.