Eti "Sheria ya Marekani"! Muulize: Kifungu Gani?

Kijana unayepanga mashati ya mitumba Karume au Manzese, hili linakuhusu wewe kabla halijamhusu bwana mkubwa yeyote.

Machi 2016 marais wa Afrika Mashariki waliagiza mitumba iondolewe hatua kwa hatua hadi 2019. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakapeleka mashitaka Washington. Kenya ikarudi nyuma, Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda ikakaza shingo, na Julai 2018 nguo zake zikanyang'anywa nafuu ya ushuru ya AGOA. Huku vijiweni tukaambiwa neno moja tu: "Sheria ya Marekani ndivyo inavyotaka." Basi, midomo ikafungwa!

Nani kati yetu aliifungua sheria hiyo akaisoma? Wala haijafichwa kabatini. Tangu Januari 1995 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka miswada hadharani kwenye intaneti, katika tovuti iliyoitwa THOMAS. THOMAS ilifungwa 2016, na kazi yake sasa inafanywa na Congress.gov. Hakuna kiingilio wala barua ya mkurugenzi. Mimi niliyeishia kidato cha nne naisoma kwa simu, na kamusi pembeni.

Njia yenyewe ni hii. Kwanza shika namba. Muswada unaoanzia Baraza la Wawakilishi una herufi H.R., wa Seneti una S. Kisha angalia ni Bunge la ngapi, kwa sababu kila Bunge lao huishi miaka miwili na namba huanza upya. Ukikosea Bunge, utasoma muswada mwingine kabisa. AGOA ilikuwa H.R. 434 katika Bunge la 106.

Pili, fuata safari yake: ulipelekwa kamati gani, ukabadilishwa wapi, ukapigiwa kura ngapi. Maandishi ya siku ya kwanza si lazima yawe ya siku ya mwisho. Tatu, soma taarifa ya kamati, maana humo wabunge hueleza walikusudia nini. Nne, soma majadiliano, yaani Hansadi yao. Humo utajua nani alimtetea nani. Mei 2000 Seneti iliipitisha AGOA kwa kura 77 dhidi ya 19, na Rais Clinton akaisaini Mei 18. Ikawa sheria namba 106-200.

Sasa fungua kifungu cha 104, chenye masharti ya kuingia. Humo hutaona neno mitumba! Utaona uchumi wa soko, utawala wa sheria, vita dhidi ya rushwa, haki za wafanyakazi, na kuondoa vikwazo kwa biashara ya Marekani. Nchi inatakiwa iwe imetimiza hayo au inapiga hatua kuyatimiza, na anayeamua ni Rais wao. Mahali penye uamuzi wa mtu pana nafasi ya hoja. Je, wajumbe wetu waliitumia nafasi hiyo, au walitikisa vichwa tu?

Lakini usiishie hapo ukajiona mjuzi. Sheria huzaa marekebisho. Mwaka 2015 Bunge hilo lilimpa Rais uwezo wa kusimamisha au kupunguza nafuu badala ya kuifukuza nchi nzima. Ndiyo maana Rwanda ilipoteza upande wa nguo tu, mengine yakabaki. Aliyesoma ya mwaka 2000 peke yake angeapa kwamba adhabu ni moja, kufukuzwa!

Mtu anaweza kupinga mitumba au kuitetea. Viwanda vya nguo navyo vina haki yao, na wenye meza wana watoto wa kulisha. Ubishi huo ni wetu, tuufanye. Ninachokataa ni kutishwa kwa karatasi ambayo mtishaji mwenyewe hajaisoma. Asiyejua maana haambiwi maana, na wakubwa wanalijua hilo vizuri.

Vijana, simu hizo zinajua matokeo ya mpira wa Ulaya hadi dakika ya mwisho. Zipeni nusu saa ya sheria. Siku kigogo atakaposimama jukwaani na kusema "sheria yao inakataza", usipige makofi wala usizomee. Nyoosha mkono uulize: namba ngapi, kifungu gani, kilirekebishwa lini?