Wema Haufutwi kwa Waraka

Baadhi ya walimu wenzetu wanashikilia kwamba maadili ni desturi tu: kila jamii ina yake, wala hakuna mizani nyingine ya kupimia jema na ovu. Wakisha kutaja methali "Mwacha mila ni mtumwa", hudhani hoja imekwisha. Sisi tulio hapa Kacyiru, mjini Kigali, twaikataa rai hiyo.

Twakubali kwamba desturi hutofautiana. Kuamkiana, kuoza na kuzika kuna taratibu nyingi, na wakoloni walikosa walipoziita taratibu zetu dhambi kwa kuwa si zao. Walichanganya desturi na maadili. Wenzetu nao wanavichanganya, ila kwa kuanzia upande wa pili.

Na tutazame kisa cha mwalimu mmoja. Jean-Paul Akayesu alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, hatimaye mkuu wa eneo la Taba. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, mwanzoni alijaribu kuyazuia. Tarehe 18 Aprili wakuu wa serikali ya muda walikutana na viongozi wa maeneo huko Gitarama, naye alikuwamo. Baada ya hapo akageuka, akashirikiana na wauaji. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani.

Basi twauliza: je, kumwua jirani kulikuwa uovu tarehe 17, kukawa wema tarehe 19? Ikiwa kipimo ni jamii na wakubwa wake, wenzetu hawana budi kujibu ndiyo, kwani serikali ilihimiza, redio ilichochea, na watu wengi walitii. Wakijibu la, wamekwisha kiri kwamba iko mizani isiyotungwa na mkutano.

Watadai labda kwamba hiyo ni mizani ya mshindi. La hasha! Wauaji wenyewe waliijua. Kuua wakakuita "gukora", yaani kufanya kazi. Atendaye jema ana haja gani ya kulificha jina lake?

Kacyiru kuna ofisi nyingi za serikali. Nyaraka hutolewa humo, na nyaraka hufutwa. Mwanafunzi tuliyemfundisha kwamba utu ni mapatano tu, siku wakubwa watakapopatana vingine, atashika nini?