Kelele za kompyuta huanzia mezani kwa seremala

Anayejiundia kasha la kompyuta kwa plaiwudi, kwa bati au kwa kabati la zamani huwa na malalamiko mawili mashine ikishawaka: inapata moto, na inavuma. Dawa inayokimbiliwa kwa yote mawili ni kuongeza feni. Feni ikiongezwa, joto hushuka kidogo na kelele ikapanda zaidi, kisha mwenye mashine huanza kutafuta feni za bei mbaya zinazosifiwa kwa ukimya. Nadhani ameanzia mahali pasipo. Kelele ya kasha la kujiundia huamuliwa pale seremala anapokata matundu, kabla feni yoyote haijanunuliwa. Kasha linalopitisha hewa bila kuibana huweza kutulia hata likiwa na feni za kawaida kabisa, na kasha linaloibana halitulizwi na feni ya aina yoyote.

Kishawishi cha kinyume, cha kuondoa feni moja kwa moja, ni cha zamani, na historia yake inafundisha. Mwaka 1976 Apple ilipouza kompyuta yake ya kwanza, mnunuzi alipewa bodi tu. Kasha alijitafutia mwenyewe, na wengi walijichongea la mbao. Mojawapo ya makasha hayo ya mbao limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian nchini Marekani. Mwaka uliofuata ikaja Apple II, ambayo haikuwa na feni kwa sababu Steve Jobs hakutaka kelele. Ilifanikiwa kwa kuwa mhandisi Rod Holt alibuni pawasaplai ya aina nyingine iliyotoa joto kidogo kuliko zile zilizozoeleka. Mwaka 1980 Apple III ikanyimwa feni, na matundu ya hewa nayo ikanyimwa. Mashine nyingi za mwanzo ziliharibika, chipu zikawa zinalegea kwenye soketi zake, na joto lilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Kampuni ni ileile na Jobs ni yuleyule mwenye chuki ileile ya kelele, lakini mashine moja ilipunguziwa joto lenyewe na nyingine ikazibwa pumzi.

Wengi wanaojiundia makasha huku kwetu wanarudia kosa la Apple III bila kukusudia, na hesabu inaonyesha hivyo. Chukua kompyuta inayotumia wati 200 ikiwa kazini, kiwango cha kawaida kwa mashine yenye kadi ya picha ya wastani. Wati zote hizo hugeuka joto, na joto hilo lazima libebwe na hewa hadi nje. Ili hewa inayotoka isizidi ile inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10, zinahitajika takriban lita 17 za hewa kwa sekunde. Hicho si kiasi kikubwa. Feni mbili za milimita 120 zinazozunguka chini ya mara 1,000 kwa dakika zinaweza kukileta iwapo njia iko wazi, na kwa kasi hiyo sauti yake ni ndogo mno. Sasa ongeza kasi mara mbili. Hewa inakuwa lita 34, na tofauti ya joto inashuka kutoka nyuzi 10 hadi 5. Umepata nyuzi tano. Kwa upande wa sauti, kanuni ya wahandisi wa feni inasema kuzidisha kasi mara mbili huongeza takriban desibeli 15, na kwa kuwa kila ongezeko la desibeli 10 sikio hulisikia kama ukubwa wa sauti umeongezeka mara mbili, mvumo unasikika karibu mara tatu ya ule wa kwanza. Ukizidisha mara mbili tena, unapata nyuzi mbili na nusu tu kwa desibeli 15 nyingine. Ndiyo maana kukimbiza feni ni njia ghali kuliko zote ya kupooza kompyuta.

Kwa nini basi feni nyingi zinakimbia? Kwa sababu matundu yameziba njia. Feni ya milimita 120, ukiondoa kitovu chake, ina uwazi wa karibu sentimita za mraba 100. Fundi asiye na msumeno wa duara huchukua drili na kutoboa vitundu vya milimita 6 mbele ya feni. Kitundu kimoja kina sentimita za mraba 0.28. Akitoboa 100, kazi inayochosha mkono kwelikweli, anapata sentimita za mraba 28, chini kidogo ya theluthi ya kinachohitajika. Kwa macho ukuta ule umejaa matundu na unapendeza, lakini kwa hewa ni ukuta. Feni inavuta na kukosa, hewa inagongana na kingo za vitundu, na kila ubao wa feni unapopita karibu na kingo hizo hutoa mdundo. Feni ya mabao saba inayozunguka mara 1,200 kwa dakika hutoa midundo 140 kwa sekunde, na midundo hiyo sikio huisikia kama mlio mmoja unaoendelea. Mlio wa namna hiyo huudhi kuliko mvumo wa upepo wenye desibeli zilezile, kwa sababu una noti yake na sikio haliachi kuufuata.

Tiba yake ni tundu moja kubwa la duara, lenye upana wa feni yenyewe, likafunikwa kwa waya mwembamba wa mviringo wa kuzuia vidole. Ikibidi kuwe na wavu au urembo wa mbao mbele, uwekwe mbali kidogo na mabao ya feni. Hata sentimita mbili tatu hubadilisha sauti. Hewa iingie chini mbele na itokee juu nyuma, na tundu la kuingilia lisiwe dogo kuliko la kutokea. Nyaya zifungwe pembeni zisikatize katikati ya njia. Kasha lisiegemezwe ukutani, maana ukuta ulio kidole kimoja nyuma ya tundu unaliziba sawasawa na ubao.

Njia ikishafunguka, ndipo suala la feni linapokuwa na maana, na hapo ukubwa ni bora kuliko kasi. Feni ya milimita 120 ina eneo mara mbili na robo ya ile ya milimita 80, hivyo hupitisha hewa ileile ikizunguka polepole zaidi. Anayenunua kasha la kiwandani hupokea nafasi za feni alizopangiwa. Anayejiundia anachagua mwenyewe, na kujinyima feni kubwa kwa sababu ya tundu dogo ni kuitupa faida kuu ya kujiundia. Mtikisiko nao ni jambo la fundi. Feni iliyokazwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye bati jembamba huligeuza bati lote kuwa ngozi ya ngoma. Plaiwudi nene haitikisiki kirahisi hivyo, na vipande vya raba kati ya feni na ubao humaliza sehemu kubwa ya kilichobaki. Diski ya zamani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inahitaji raba hizohizo; afadhali zaidi kuibadilisha kwa SSD, ambayo haina kinachozunguka ndani yake. Mbao zina udhaifu wake pia: hazizuii mawimbi ya redio kama chuma kinavyofanya, na sehemu za chuma zilizo ndani lazima ziunganishwe na waya wa ethi.

Kuna wanaoamini kwamba kelele hukatwa kwa kulibandika kasha sponji ndani, na wengine hutumia sponji la godoro. Njia hii naipinga bila kusita. Sponji jembamba hupunguza sauti kali za juu lakini haligusi mvumo wa chini, ambao ndio mwingi katika feni. Huzuia joto lisipite kwenye kuta, hula nafasi ya hewa, na sponji la godoro hushika moto haraka na kutoa moshi wa sumu. Wanaopendekeza upoozaji wa maji nao wanasahau kwamba joto likishabebwa na maji bado linapaswa kutolewa kwa hewa. Rejeta ya maji ina feni zake, na pampu ina sauti yake. Katika kasha lililozibwa, maji huhamisha tatizo tu.

Pingamizi zito zaidi ni la hali ya hewa. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa atasema ushauri wa feni za polepole ni wa Ulaya, ambako chumba kina nyuzi 20. Hapa kina 32. Hoja hii inastahili jibu la hesabu. Joto la ndani ya kasha hujumlishwa juu ya joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 32 na hewa ikapanda kwa 10, hewa inayotoka ina nyuzi 42. Vichakataji vingi vya Intel vimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100 kabla ya kujipunguzia kasi, kwa hiyo hata katika mwezi wa joto kipooza-joto kizuri juu ya kichakataji kina nafasi ya kufanya kazi yake. Nyuzi 12 za ziada za pwani ni za kweli, na zinakula akiba ambayo mtu wa Ulaya anayo. Lakini tumeona kwamba kuzidisha kasi ya feni mara mbili hurudisha nyuzi tano tu kati ya hizo. Akiba kubwa zaidi hupatikana kwa kubadilisha pesti iliyokauka kati ya kichakataji na kipooza-joto, hasa kwenye mashine za mtumba zilizokaa maofisini miaka mingi, na kwa kuweka kipooza-joto kikubwa zaidi kadiri kasha linavyoruhusu. Kasha la kujiundia linaruhusu chochote ambacho seremala amekiachia nafasi.

Vumbi ni pingamizi la pili, na mtu wa Dodoma ana haki ya kulitaja. Tundu kubwa huingiza vumbi jingi. Chujio ni lazima, nalo hubana hewa, kwa hiyo liwe pana kuliko feni: fremu ya mbao yenye kitambaa chepesi cha wavu, eneo lake mara mbili au tatu ya tundu, inayochomolewa na kuoshwa. Feni za kuingiza hewa zizidi kidogo nguvu za kutoa, ili hewa ivuje kwenda nje kupitia mianya badala ya kunyonya vumbi kupitia humo. Hakuna kiwanda kinachoweza kukupa chujio la ukubwa huo kwa kasha dogo, seremala anaweza.

Gharama haiwezi kuwa kisingizio, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii ni kukata mbao kwa namna nyingine. Kasi ya feni yenye waya nne hupangwa bure kwenye mipangilio ya bodi kuu, na ni vyema kuiamuru ichelewe kidogo kupanda. Feni inayopanda na kushuka kila dakika humsumbua msikilizaji kuliko inayokaa kwenye mwendo mmoja, hata kama mwendo huo ni wa juu kidogo.

Wapo watakaouliza kwa nini gazeti lishughulike na mvumo wa sanduku, hasa chumba kikiwa na pangaboi linalovuma zaidi. Pangaboi huzimwa wakati wa kurekodi, kompyuta haizimwi. Studio nyingi ndogo za muziki na za vipindi vya redio zina chumba kimoja, maikrofoni na mashine pamoja, na mvumo ukishaingia kwenye rekodi ya sauti ya mtu kuuondoa ni kuikwaruza sauti yenyewe. Lakini mahali panaponitia wasiwasi zaidi ni darasani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulipendekeza kelele ya chinichini darasani isizidi desibeli 35, ili mtoto asikie maneno ya mwalimu yote. Mashine moja yenye desibeli 30 haimsumbui mtu. Mashine 20 za namna hiyo, kwa mtoto aliye umbali mmoja na zote, hujumlishwa kufikia 43. Mwalimu hupaza sauti, watoto wa nyuma hukisia, na hakuna anayeilaumu kompyuta.

Kutoka 43 kurudi 35 ni desibeli nane. Kwa kanuni ileile ya feni, desibeli nane hupatikana kwa kupunguza kasi kwa karibu asilimia 30, na kasha lililofunguliwa njia hulimudu punguzo hilo bila joto kuzidi mpaka. Shule au kituo kinachomwagizia fundi makasha ya plaiwudi kiandike kwenye oda upana wa tundu la kuingiza na la kutoa, ukubwa wa feni, na umbali wa wavu kutoka kwenye mabao. Kisha kasha moja la majaribio liwashwe na mashine ifanyishwe kazi nzito kwa nusu saa, watu wasikilize, na kipimajoto kisomwe, kabla hayajakatwa mengine 19.