Seli Zisiposikizana

Katika shule nyingi za sekondari, somo la seli huanza na kwisha kwa mchoro mmoja: duara, kiini katikati, utando pembeni, na majina yenye mishale. Mchoro huo si wa uongo, lakini humwachia mwanafunzi fikira kwamba seli huishi peke yake. Akiulizwa saratani ni nini, atajibu kwamba ni seli iliyopatwa na wazimu. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyosalia ndiyo yenye manufaa zaidi.

Mwalimu aliyeko Bombo, katika Milima ya Upare wilayani Same, hana haja ya kutafuta mfano mbali. Tangu kale Wapare wamemwagilia mashamba kwa ndiva, yaani mabwawa madogo yanayokusanya maji ya mlimani, na kwa mifereji itokayo humo. Hakuna afunguaye maji apendavyo. Kila mmoja husubiri zamu yake, na zamu hujulikana kwa kuambiana. Mwili nao ndivyo ulivyo. Seli haigawanyiki kwa kuwa ina nguvu tu, bali kwa kuwa imepewa neno. Ikikosa neno hutulia, na pengine hujiua. Maneno hayo ni kemikali zinazopokewa na protini za utando, au hupita katika vijia vyembamba mno viunganishavyo seli jirani. Mwaka 1966 Werner Loewenstein na Yoshinobu Kanno walionyesha kwamba umeme uliopita kwa urahisi kati ya seli za ini zima haukupita kati ya seli za saratani ya ini. Zilikuwa zimegusana, lakini hazikusemezana. (Si saratani zote zilizo hivyo, na yafaa mwalimu aseme wazi.)

Afrika Mashariki ina mfano wake mashuhuri. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mjini Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto. Baadaye alibaini kwamba ugonjwa huo hufuata joto na mvua, na kwamba karibu na ikweta huadimika juu ya meta 1,500 hivi. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, wakiwa London, waligundua kirusi katika seli za uvimbe huo zilizotoka Uganda. Kirusi hicho kina hila kubwa. Huingia katika seli B, zitengenezazo kingamwili, kisha huweka kwenye utando protini inayojifanya imekwisha kupokea neno. Seli hudhani imeamrishwa na jirani yake, seli T, nayo hugawanyika. Ni kama mtu aigaye sauti ya msimamizi wa ndiva usiku. Malaria huzidisha kelele, kwani vimelea vyake huzichochea seli B kwa wingi. Katika pilikapilika hizo kromosomu huweza kukatika na kuungwa pasipo pake, jeni iitwayo MYC ikaangukia mahali isipozimwa tena. Hapo seli haihitaji neno la yeyote. Kirusi nacho hunyamaza, kikificha karibu protini zake zote, ili walinzi wa mwili wasikitambue.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya chuo kikuu. Hoja hiyo haina uzito. Kati ya mwaka 1955 na 1959, Mpango wa Malaria wa Pare-Taveta ulinyunyizia dieldrini katika nyumba za tambarare zilizo chini ya milima hiyo. Malaria ikapungua sana, kisha ikarejea. Baadaye, kati ya 1977 na 1982, watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini ili kupima kama uvimbe wa Burkitt ungepungua. Ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa, kwa hiyo jaribio halikutoa uthibitisho. Hilo lenyewe ni somo bora la sayansi kuliko kurasa kumi za kukariri.

Tena wanafunzi hao wana wadogo zao nyumbani, wenye umri uleule unaoshambuliwa. Aghalabu dalili ya kwanza ni meno kulegea pasipo kuoza. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Dawa kama siklofosfamaidi huuyeyusha upesi kwa wengi wanaowahi hospitali. Wanaoletwa baada ya kung'olewa meno mawili matatu huwa wamechelewa.