Heshima au Huruma? Mwanamke Mkimbizi katika Sanaa ya Uchoraji

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi wa mashindano ya uchoraji ya shule za sekondari katika mkoa mmoja ulioko mpakani. Mada waliyopewa vijana ilikuwa neno moja tu: Mkimbizi. Picha zilizoletwa zilikuwa nyingi, na wengi wa waliozichora hawakukosa ustadi wa mkono. Lakini tulipozipanga ukutani tuliona kwamba karibu zote zilimwonyesha mwanamke ameketi chini, ameinamisha macho, na amenyosha mkono wenye sahani tupu. Picha moja tu ilimwonyesha mwanamke amesimama, anafunga mzigo kwa kanga, amewapa watazamaji kisogo kwa kuwa ana kazi ya kufanya. Waamuzi wenzangu waliinyima picha hiyo zawadi. Walisema kuwa haionyeshi ukimbizi. Siku ile nilishindwa kwa kura, lakini sikushindwa kwa hoja. Na hoja yenyewe ndiyo ninayotaka kuiweka mbele ya walimu na wanafunzi katika kurasa hizi.

Nasema kwamba sanaa imwonyeshayo mwanamke mkimbizi kuwa ni mkono ulionyoshwa, basi, ni sanaa isiyosema kweli. Mwanamke yule, kabla hajafika mahali pa kupokea sahani, alikata shauri usiku huku wengine wakisitasita. Alichagua cha kubeba na cha kuacha. Aliwanyamazisha watoto vichakani, akakadiria maji yaliyosalia, akamwongoza mzee asiyeona vizuri, akavuka mto. Kuomba chakula ni saa moja tu katika safari ya siku nyingi. Msanii aichaguaye saa hiyo peke yake, akaziacha nyingine zote, amechagua saa ile ambayo mtazamaji hujiona mkubwa. Huruma ya namna hiyo haina tofauti kubwa na majivuno.

Huenda msomaji akauliza: je, yuko msanii aliyewahi kuifanya kazi hiyo kwa namna nyingine? Wako. Nitawataja wawili, mume na mke, ambao wenyewe walikuwa wakimbizi: Wapalestina Ismail Shammout na Tamam al-Akhal.

Shammout alizaliwa katika mji wa Lydda mwaka 1930. Mwezi Julai 1948 wakazi wa mji huo walifukuzwa, wakatembea kwa miguu katika jua kali kuelekea milimani. Njiani mdogo wake alifariki kwa kiu. Familia ikaishia katika kambi ya Khan Yunis, Gaza, ambako kijana huyo aliuza vitu vitamu barabarani, kisha akafundisha watoto wa wakimbizi, hata alipopata njia ya kwenda Cairo kusomea uchoraji. Tamam al-Akhal alizaliwa Jaffa mwaka 1935. Mwaka ule ule wa 1948 familia yake ilikimbia kwa njia ya bahari hadi Lebanoni. Shammout alifanya maonyesho yake ya kwanza Gaza mwaka 1953. Mwaka uliofuata walionyesha kazi zao pamoja mjini Cairo, na aliyeyafungua maonyesho hayo ni Gamal Abdel Nasser. Walifunga ndoa mwaka 1959, wakachora bega kwa bega hadi Shammout alipofariki mwaka 2006.

Picha ya Shammout ijulikanayo zaidi ni ile ya mwaka 1953, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni "Kwenda Wapi?" Mwanamume aliyechakaa nguo anatembea na fimbo, mtoto mmoja amelala begani pake, wa pili ameshikwa mkono, wa tatu anafuata nyuma. Mji walioutoka unaonekana kwa mbali. Ni picha kubwa, na nakala zake zilienea katika nyumba nyingi za Wapalestina. Lakini mimi kila niitazamapo najiuliza: mama wa watoto hawa yuko wapi? Mchoraji hakutujibu. Pengine alitaka tulione pengo hilo. Pengine hakuliona mwenyewe, maana alikuwa kijana wa miaka 23 mwenye mambo mengi ya kusema kwa mara moja. Lililo hakika ni kwamba katika kazi zake za baadaye mwanamke alishika nafasi ya mbele, wala hakuiachia.

Mtazameni mwanamke huyo jinsi alivyo. Amevaa kanzu ndefu iliyotariziwa kifuani. Tarizi ile si pambo la mchoraji. Katika Palestina ya zamani, mwenye kujua aliweza kutambua kwa nakshi za kanzu mwanamke ametoka sehemu gani ya nchi, kama vile kwetu pwani kanga husema lile ambalo mvaaji hakulitamka. Watu walipotawanywa na vijiji vingi kubomolewa, wanawake waliendelea kutarizi kambini, wakawafundisha binti zao, na wengi wao wakapata humo riziki ya nyumbani. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Basi Shammout alipomchora mkimbizi katika kanzu ile, alimchora mtu aliyeukoa utamaduni wa taifa zima kwa sindano na uzi. Hapo hapana sahani tupu.

Tena kuna jambo la maji. Mwaka 1976, katika vita vya Lebanoni, kambi ya wakimbizi ya Tal al-Zaatar, mashariki ya Beirut, ilizingirwa na majeshi ya mgambo, hata ikaanguka tarehe 12 Agosti. Ndani ya kambi maji yalikuwa haba mno. Wanawake ndio waliotoka kwenda kuyateka, huku walenga shabaha wakiwangojea, na wengi hawakurudi. Aliyerudi na ndoo leo alitoka tena kesho. Mwaka huo huo Shammout alichora mfululizo wa picha za rangi za maji juu ya kambi hiyo. Mtu aliyempoteza mdogo wake kwa kiu hakuhitaji kuelezwa thamani ya ndoo moja.

Huko nyumbani, maduka yetu ya vinyago na picha yamejaa mwanamke mwenye mtungi kichwani. Kiuno chembamba, shingo ndefu, jua linazama nyuma yake, na mtungi wenyewe hauna uzito wowote. Simlaumu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya mbao nyembamba, akatuachia shule ya uchoraji itambulikanayo ulimwenguni alipofariki mwaka 1972. Wala simlaumu kijana achoraye mtungi ule ili apate kula. Namlaumu mwalimu, mhariri na mwamuzi wa mashindano ambaye amekubali kwamba picha hiyo inatosha kumwakilisha mwanamke wa Kiafrika, na kwamba mwanamke huyo akikimbia vita basi anyang'anywe mtungi, apewe sahani.

Najua wako watakaonijibu kwamba mambo ya wakimbizi ni siasa, na kwamba utamaduni wa taifa ni jambo jingine. La hasha! Taifa hili limeishi na wakimbizi tangu siku zake za mwanzo. Wanawake wa Msumbiji walivuka Ruvuma kuja kwetu baada ya vita vya ukombozi kuanza mwaka 1964. Waliotoka Burundi mwaka 1972 walifyeka misitu, wakalima Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Na mwaka 2014 serikali ilianza kutoa vyeti vya uraia kwa watu wa makazi hayo wapatao 162,000. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao robo milioni walivuka kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa njia ya Rusumo. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa ajili ya utu wa nchi hii kwa wakimbizi. Sasa niulize: nishani tumeipokea, je, picha ziko wapi? Tunalo deni la kuwaonyesha watoto wetu sura za wale ambao kwa ajili yao tulisifiwa. Tukijisifu kwa kupokea bila kumtazama tuliyempokea, sifa hiyo ina kasoro.

Wengine watasema kwamba Shammout alichora kwa urahisi mno, kwamba picha zake husomeka upesi kama bango. Ni kweli kwamba husomeka upesi. Aliwachorea watu waliokaa mahemani, ambao wengi wao hawakuwahi kuingia katika jumba la sanaa, na alitaka wajione. Sioni aibu katika jambo hilo. Washairi wetu wa zamani nao walitunga ili waeleweke na waliokaa barazani.

Hoja nzito zaidi ni ya tatu, na naikiri kuwa ni nzito. Kusifu ushujaa wa mtu aliyeonewa kwaweza kuwa njia ya kumwacha katika uonevu wake. Mwenye punda humsifu punda kwa nguvu, kisha humwongezea mzigo. Tena wachoraji wanaume wamezoea kumgeuza mwanamke kuwa alama: mama ni nchi, mama ni ardhi, na alama haiumwi mgongo. Shammout naye hakuepukana kabisa na hatari hiyo. Kwa sababu hii namweka Tamam al-Akhal karibu naye. Kati ya mwaka 1997 na 2000 wawili hao walichora mfululizo wa picha kubwa 19 juu ya safari ya watu wao, tangu kufukuzwa. Katika kazi hiyo mwanamke mkimbizi hakuwa tu yule achorwaye. Alikuwa pia ameshika brashi, akisimulia bahari aliyoivuka mwenyewe akiwa msichana. Heshima ya kweli hufika hapo: kumpa mhusika zana, kisha kuisikiliza habari yake hata isipotupendeza.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, msiwanyime vijana mada ya ukimbizi. Lakini kabla hawajashika penseli, wapelekeni kwa wanaoijua habari yenyewe. Katika mikoa ya Kigoma, Kagera, Katavi, Tabora na Ruvuma wako bibi waliovuka mito hiyo, na baadhi ya wajukuu wao wamo madarasani mwenu. Wawaulize bibi hao walibeba nini, waliacha nini, na nani alikata shauri la kuondoka. Na ikiwa mjukuu mwenyewe anapenda kuchora, apewe yeye karatasi ya kwanza. Kijana atakayesikiliza vizuri hatarudi shuleni na picha ya sahani. Na akirudi na picha ya mwanamke aliyewapa watazamaji kisogo, anafunga mzigo wake, nawaomba msimwambie kwamba hajajibu swali.