Tangazo la Umma Lisilosomeka

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 inaitaka dola iwahakikishie watu hao njia ya kupata habari, intaneti ikiwamo. Hata hivyo, bado naona nafasi za kazi serikalini zikitangazwa mtandaoni kwa picha ya karatasi yenye mhuri. Programu inayomsomea asiyeona kwa sauti haipati humo hata neno moja la kutamka.

Tusisingizie ufinyu wa bajeti. Maandishi yawekwe kama maandishi. Kichwa cha habari kipewe alama ya kichwa, si kukolezwa wino tu. Kila picha iwe na maelezo, na kila kisanduku cha fomu kiwe na jina lake. Rangi na mapambo yakae katika faili la mitindo. Shirika la W3C lilitoa miongozo hiyo tangu 1999.

Anayebandika picha kisha akasema "tumetangaza" amewatangazia wanaoona pekee. Mimi nasema huo ni ubaguzi, hata kama una mhuri. Tudai kwanza ukurasa unaosomeka, urembo utafuata.